Pedeli ya Rivabu Chini ya Paa la Bati

Mzee anayepiga gitaa la rithimu kwenye bendi yetu si msemaji. Akiwa na neno huacha kwanza kucharaza, bendi ikabaki inaning'inia kwenye besi na tumba, halafu anamgeukia mwenye kosa. Jumamosi ile alinigeukia mimi, katikati ya sebene, watu wako uwanjani wanacheza.

"Kijana," akasema, "unapigia bafuni?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikainama nikaizima pedeli ya rivabu, kile kisanduku cha kukanyaga kinachoifanya sauti ya gitaa ibaki hewani kama uko ndani ya ukumbi mkubwa, na hapo ndipo nilipoisikia solo yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza usiku ule.

Pedeli haikuwa yangu. Rafiki yangu alikuja likizo kutoka Uholanzi akaniachia kwa wiki mbili mtambo wa rivabu wa maana, mzito kama tofali, wenye aina kumi na mbili za sauti na taa nyingi kuliko bodaboda ya Mbagala. Wiki nzima nilijifungia chumbani Tabata, hedifoni masikioni, nikipiga kodi moja, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na kuiacha ipae, izunguke, irudi imevaa sauti ya kwaya. Nikajiona nimefika. Jumamosi nikaubeba mtambo kwenda nao baa, nobu zote, vile vidude vya kuzungusha, zikiwa vilevile nilivyozipanga kitandani.

Sebene yetu hukimbia kwenye mapigo kama 130 kwa dakika. Solo ikishachanganya, kila pigo linabeba noti nne, yaani noti mpya inazaliwa kila baada ya milisekunde 115 hivi. Mimi nilikuwa nimeweka mkia wa sekunde 3, yaani kila noti inaendelea kulia kwa muda huo. Noti ya kwanza inaanza kulia, inakuja ya pili, ya tano, ya kumi, na mpaka inapoingia ya 26 ile ya kwanza bado haijamaliza kufa. Hapo hakuna solo tena, kuna uji. Na wa moto, unaomwagikia kwenye rithimu ya mzee wa watu ambaye kazi yake ni kukata, kukata, kukata, kila pigo lijulikane mwanzo wake na mwisho wake.

Tangu usiku ule nilitumia karibu mwaka mzima kutafuta pedeli yangu ya rivabu, na muda mwingi zaidi niliutumia kuelewa natafuta nini. Nayaandika haya kwa sababu kila mwezi kuna kijana ananiuliza "kaka, ninunue rivabu gani?" na jibu langu limekuwa refu mno kwa ujumbe wa sauti.

Tuanze na neno, maana hata maneno yanatuchanganya. Fundi mitambo wa kanisani kwetu huita kila kitu "eko". Ukimwomba eko unaweza kupewa sauti inayojirudia mara tatu, au sauti inayoelea kama iko ndani ya kisima, inategemea ameamkaje. Wapiga magitaa tunatenganisha. Kinachojirudia ni dilei. Hiyo ni mwangwi wa kweli: unapiga kelele kwenye bonde, jina lako linarudi zima. Sauti, kwa joto letu la nyuzi 30, husafiri karibu mita 350 kwa sekunde. Ukuta ulio mita 17 mbele yako utakurudishia kofi lako baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sikio litasikia makofi mawili. Rivabu ni pale kuta zinapokuwa nyingi na karibu, marejeo yanarudi kwa mamia, yamebanana kiasi kwamba sikio linashindwa kuyahesabu, linasikia mkia mmoja tu. Ingia nyumba mpya ambayo haijawekwa hata kiti, piga kofi moja. Ule mng'aro unaobaki hewani ndio rivabu. Siku wakiingiza makochi, mapazia na zulia, unatoweka.

Mtu wa kwanza kuupima mng'aro huo kwa namba alikuwa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia pale Harvard, Marekani. Mwaka 1895 walimpa kazi ambayo wakubwa zake hawakuitaka: jumba jipya la makumbusho, Fogg, lilikuwa na ukumbi wa mihadhara ambao hakuna aliyeelewa mhadhiri anasema nini. Neno likitamkwa lilibaki hewani zaidi ya sekunde 5, na katika muda huo mhadhiri alishasema sentensi nzima nyingine. Sabine akachukua bomba la kinanda cha kanisa, saa ya kupimia mbio na masikio yake. Akaazima mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, Sanders Theatre. Usiku, mji ukiwa umelala, yeye na wasaidizi wake walibeba mito wakaiingiza Fogg, wakapiga bomba, wakapima mkia. Wakaongeza mito, wakapima tena. Kabla hakujapambazuka waliirudisha mahali pake. Usiku baada ya usiku, kwa miaka.

Kilichotoka humo ni kanuni ambayo mtoto wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa: chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa uwezo wa ukumbi kumeza sauti. Jibu ni sekunde ambazo sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60, yaani nguvu yake kubaki sehemu moja ya milioni. Kipimo chake cha umezaji ndicho kilichonipendeza zaidi. Sabine alikitoa kwenye dirisha lililo wazi. Sauti ikifika dirishani haigongi kitu, inaondoka zake, hairudi. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha lililo wazi ni umezaji mkamilifu, na vitu vingine vyote, zulia, pazia, binadamu, vinapimwa kwa kulinganishwa nalo.

Nilivyosoma hivyo nilichukua futi kamba nikaenda kanisani Jumatatu, mlinzi akinishangaa.

Maana Jumamosi napiga baa, lakini Jumapili napiga kanisani, na huko nako nilikuwa na matatizo yangu. Ukumbi wetu ni kama kumbi mia nyingine za Dar es Salaam: mita 20 kwa 12, kimo mita 5, sakafu ya saruji iliyosuguliwa, kuta za tofali zilizopigwa lipu, juu bati. Mita za ujazo 1,200. Ukijumlisha sakafu, kuta na paa unapata mita za mraba 800 za vitu vigumu ambavyo havimezi karibu chochote. Tuseme asilimia 5. Hiyo ni sawa na mita 40 za dirisha. Zidisha, gawanya: sekunde 4.8. Ndiyo, kanisa letu tupu lina mkia unaokaribia ule wa Fogg uliomshinda mhadhiri.

Fungua madirisha yote, kama mita 15 hivi, mkia unashuka hadi 3.5. Sasa waingize watu 250 waliovalia vitenge na suti, kila mmoja akimeza sawa na mita 0.4 hivi ya dirisha, na mkia unaanguka hadi sekunde 1.25. Ni hesabu ya mkono, bati linatikisika na lina tabia zake, lakini masikio yangu yalikubali palepale. Ndiyo sababu mazoezi ya Jumamosi asubuhi, ukumbi mtupu, sauti ilikuwa inaogelea na mimi napunguza rivabu mpaka karibu sifuri, halafu Jumapili nikipiga na mpangilio uleule gitaa linasikika kavu kama mkate wa juzi. Na kinyume chake: nikiipanga kwa raha ya Jumapili, mazoezini hakuna anayemwelewa mwenzake.

Tangazo la pedeli haliwezi kukuambia jambo hilo. Rivabu ni chumba. Ukiinunua unanunua chumba, na unakwenda kukiweka ndani ya chumba kingine ambacho tayari unacho. Wenzetu wanaorekodi video za kusifia pedeli wanakaa kwenye vyumba vyenye mazulia, makochi na povu ukutani, vyumba visivyo na sauti yoyote, ndiyo maana kila rivabu inasikika kama baraka. Sisi tuna bati.

Nilipoukubali ukweli huo, nilianza kuziangalia aina za rivabu kwa jicho jingine. Kila jina kwenye pedeli ni kumbukumbu ya kitu halisi kilichowahi kujengwa ili kutengeneza chumba bandia, na kila kimoja kina tabia yake.

Cha kwanza, na ninachokipenda, ni springi. Asili yake si muziki. Wahandisi wa maabara za Bell, Marekani, walitumia springi kuiga ucheleweshaji wa sauti kwenye simu za masafa marefu. Laurens Hammond, mtengenezaji wa vinanda vya umeme, akaiona faida. Vinanda vyake vilinunuliwa na watu wa majumbani na makanisa madogo yenye mazulia, wakilalamika kwamba havisikiki kama kinanda cha kanisa kubwa. Kosa halikuwa la kinanda, ni chumba kilikosekana. Akawatia chumba ndani ya sanduku: sauti inapita kwenye springi, inakwenda na kurudi, inakwenda na kurudi, inafifia. Kampuni ya Fender ikaileta kwa wapiga magitaa mwaka 1961 kwa kisanduku cha peke yake, na kuanzia 1963 ikaanza kuiweka ndani ya amplifaya zenyewe. Ukifungua amplifaya za aina hiyo utakuta chini kabisa sinia la bati lenye urefu wa sentimita 43 hivi, ndani yake springi mbili au tatu nyembamba zimetandazwa kama nyoka waliolala.

Mzee wa rithimu anazijua. Nilipomwamkia siku nyingine nikamuuliza walikuwa wanatumia rivabu gani enzi zao, akaniambia hawakuwa wakiita hivyo, walikuwa wanasema "ile ya radi". Mtu akipita akaipiga teke amplifaya, springi zinagongana, ukumbi mzima unasikia radi. Akaniambia pia, na hili nililibeba, kwamba mpiga solo wao hakuipeleka ile nobu kupita tatu. Nikamuuliza kwa nini. "Watu walilipa kuja kucheza," akasema.

Rudi usikilize rekodi za muziki wa dansi zilizofanyiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ndani ya chumba kimoja, magitaa matatu yanasukana. Solo iko karibu na uso wako. Unasikia ukucha. Kama kuna chumba, ni chumba kidogo. Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wa zama zile, hakuhitaji kanisa kuu nyuma yake. Nafasi kati ya noti ilikuwa yake mwenyewe, ameiacha kwa makusudi. Sisemi hivi kwa sababu ya uzee, mimi nimezaliwa miaka kumi na zaidi baada ya yeye kufariki. Nasema kwa sababu nimejaribu kumpiga na rivabu ya sekunde 3 na najua kilichotokea.

Springi ina mlio wake, kama tone la maji linaloangukia mtungi, na mlio huo unaonekana hasa ukipiga noti fupi ya ghafla. Kwa rithimu na solo za kwetu unapendeza mno, ilimradi uwe kidogo.

Cha pili ni bamba. Mwaka 1957 kampuni ya Kijerumani ya EMT ilitoa mtambo ulioitwa 140: bamba la chuma jembamba, urefu kama mita 2, limening'inizwa ndani ya sanduku la mbao, linatikiswa upande mmoja na kusikilizwa upande mwingine. Mtambo mzima ulikuwa na uzito wa karibu kilo 270. Sauti yake ni laini, imebanana tangu mwanzo, haina ukuta wa karibu wala wa mbali. Waimbaji wengi wa zama zile wamepitishwa humo. Kwa gitaa linaloimba taratibu, bamba ni zuri kuliko springi, na kwenye kumbi zetu lina faida ya kutokurudiarudia kitu ambacho bati tayari linakifanya.

Cha tatu ni ukumbi, na hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Manfred Schroeder, naye wa Bell, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba unaweza kutengeneza rivabu kwa hesabu tupu, bila springi wala bamba: chelewesha sauti, irudishe, ichanganye na nakala zake kwa vipimo visivyogawanyika vizuri ili zisigongane pamoja. Mashine zenyewe zilichelewa. EMT 250 ilitoka mwaka 1976, na ilikuwa ya studio zenye fedha. Kwetu sisi wa miguuni mwaka muhimu ni 1987, kampuni ya Boss ilipotoa RV-2, rivabu ya kidijitali ndani ya pedeli ya ukubwa wa kawaida wa kukanyaga. Pedeli nyingi za rivabu unazoziona leo kwenye maduka zinatoka kwenye mstari huo.

Kuna jambo lililonifurahisha nilipokuwa nazunguka Kariakoo na fundi redio wangu. Kuna chipu moja kutoka Taiwan, PT2399, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za karaoke. Ile nobu ya eko kwenye amplifaya za shughuli, za harusi, za mikutano ya injili, mara nyingi nyuma yake ipo hiyo. Chipu kadhaa za aina hiyohiyo zimefungwa ndani ya kijisanduku cheusi kinachotengenezwa na Accutronics Belton, na kijisanduku hicho kinakaa ndani ya pedeli nyingi za rivabu za kutengenezwa kwa mkono, zenye majina ya kishairi na bei ya kukufanya ukae chini. Fundi alipoiona kwenye picha alicheka mpaka akaweka bisibisi mezani. Sitanii, zinasikika vizuri, wanaozijenga wanajua kuzichuja. Ila tangu siku ile nikiona pedeli inauzwa kwa hadithi ya usanii, huwa nauliza kwanza ndani kuna nini.

Halafu kuna shima. Hii ni rivabu ambayo mkia wake unapandishwa oktavu moja na kurudishwa ndani, unapanda tena, unarudi, mpaka unasikia kama nyuzi za vinanda au malaika. Watayarishaji wa muziki Brian Eno na Daniel Lanois waliifanya studio miaka ya 1980 kwa kuunganisha mitambo kadhaa. Leo ni kitufe kimoja. Makanisani inapendwa kupita kiasi. Nilivyoiwasha mara ya kwanza kwenye kuabudu, nikavuta kodi moja nikafumba macho, nilipofumbua mpiga kinanda wetu ananiangalia. Baada ya ibada akaja taratibu: "Kaka, hiyo ni kazi yangu." Alikuwa sahihi. Sauti ndefu ya kutandika chini ya maombi ni ya kinanda, na tukiifanya wawili inakuwa matope. Kama bendi yako haina kinanda, shima ni mkombozi. Kama unacho, umenunua ugomvi.

Kwa mambo ya umeme nastahili adhabu, kwa hiyo nitayasema. Karibu pedeli zote zinatumia volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta nyingi za ruta za intaneti zina plagi ya ukubwa huohuo kabisa, ila ni volti 12 na chanya ndiyo iko katikati. Zinaingia vizuri. Zinaingia kama zimezaliwa kwa ajili hiyo. Mimi niliingiza ya nyumbani kwenye pedeli ndogo niliyokuwa nimeinunua mkononi wiki hiyohiyo, dakika kumi kabla ya ibada, gizani nyuma ya jukwaa, na kabla sijapiga noti nikasikia harufu. Haikuwa kosa la pedeli wala la ruta. Fundi aliifungua akakuta diodi ya kinga imejitoa mhanga; akabadilisha kwa bei ya chai na maandazi, pedeli ikafufuka. Si kila pedeli ina diodi ya aina hiyo.

La pili kwenye umeme ni ampia. Pedeli ya kawaida ya disto, ile ya kuikwaruzisha sauti, inakula miliampia chache tu, unaweza kuunganisha tano kwenye adapta moja. Rivabu za kidijitali ni walafi: ndogo zinataka makumi, kubwa kama Strymon BigSky inataka angalau 300. Ukiichanganya na disto kwenye adapta moja dhaifu, utapata mlio mwembamba kama mbu, na utashinda Jumapili nzima ukilaumu waya.

Na kabla hujalaumu pedeli, angalia umeiweka wapi. Rivabu inakaa mwisho wa mstari, baada ya disto, baada ya dilei. Chumba kinakuja baada ya mtu kuongea. Ukiiweka kabla ya disto, unaichukua mikia yote midogo na kuipandisha iwe mikubwa kama noti zenyewe. Baa nyingi utakuta amplifaya iliyopo ina disto yake ndani na haina njia ya kupitishia pedeli nyuma. Hapo sipambani, naiacha amplifaya safi, disto naitoa kwenye pedeli.

Kuhusu stirio, sina la kusema zaidi ya hili: kwenye kumbi zote nilizopiga, spika za kushoto na kulia zimetoa sauti ileile. Usilipie tundu usilotumia.

Basi niliishia wapi? Niliurudisha ule mtambo wa Uholanzi kwa shukrani, na kwa wivu kidogo, maana kwa kurekodi nyumbani sijaona mfano wake. Bei yake ilikaribia nusu ya bodaboda mpya, na ningetumia aina mbili kati ya kumi na mbili. Nilijaribu Holy Grail ndogo ya Electro-Harmonix ya jamaa wa bendi nyingine. Nobu moja tu ya kiasi, swichi ya kuchagua aina, basi. Springi yake ilinipendeza sana na kama ningekuwa napiga baa peke yake ningeishia pale. Lakini nobu moja maana yake urefu wa mkia umeshaamuliwa na mtu mwingine, na mimi hesabu yangu ya bati ilikuwa imeniambia kwamba urefu ndio nahitaji kuushika.

Mwishowe nilinunua Boss RV-6 mkononi, kwa mpiga gitaa aliyekuwa anahama mji. Ilitoka mwaka 2015, ina aina nane, na nobu tatu ninazozihitaji zimekaa kwa mstari: kiasi, rangi ya sauti, urefu. Haina nobu ya kuisubirisha rivabu kidogo kabla haijaanza. Wengine wanaona ni upungufu, mimi sijaikosa. Jumamosi nakaa kwenye springi, urefu karibu na mwanzo kabisa, kiasi, ukiisoma nobu kama mshale wa saa, hakifiki saa nne. Nikikuuliza kama rivabu imewashwa utajibu hapana. Ila nikiizima unageuka kuangalia nini kimepotea. Rangi ya sauti naigeuza kuelekea gizani, kwa sababu bati linapenda sauti nyembamba, linazirudisha zote na faida juu, na tumba na matoazi tayari yapo huko juu yanagombania nafasi. Solo ikichanganya kabisa naongeza dilei fupi ya kurudi mara moja, kwa chini, badala ya kugusa rivabu. Dilei ina mwisho. Inasema neno lake inanyamaza.

Jumapili nahamia bamba, urefu unaongezeka, na hapo ndipo lilipobaki tatizo moja: kukumbuka. Nobu ndogo, jukwaa lina giza, mchungaji ameshasema "tusimame". Dada mmoja wa sauti ya kwanza aliniona nahangaika na tochi ya simu mdomoni, akatoa kwenye pochi rangi ya kucha. Akaweka nukta nyekundu pembeni ya nobu ya urefu, mahali pa Jumapili ukumbi ukijaa. Wiki iliyofuata akaleta nyeupe kwa ajili ya mazoezi. Nukta mbili, kazi imekwisha, nikatamba kwa miezi.

Halafu ikafika Desemba. Waliowahi kukaa Dar wanajua: wiki ya Krismasi mji unamwagika kwenda mikoani, mabasi ya Moshi na Arusha yanajaa, na kanisani kwetu nusu ya viti inabaki viti. Nikaweka nobu kwenye nyekundu kama kawaida, nikapiga kodi ya kwanza ya kuabudu, na sauti ikaenda, ikaenda, ikagonga bati, ikarudi. Watu 125 hawamezi kama watu 250. Nilipiga hesabu kichwani huku vidole vikiendelea: mkia wa ukumbi umetoka 1.25 umefika karibu 1.8, na yangu juu yake. Nikageuka nikamwangalia yule dada. Alikuwa ameshaelewa, anapekua pochi. Siku ile alikuwa na ya bluu tu.